Salamu Fupi

Kombe lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana, na Sekela Mwakalinga hakujua alishike vipi. Akilikumbatia anafanana na mama aliyebeba mtoto. Akilining'iniza kwa sikio moja anafanana na mtu anayekwenda kuchota maji. Basi akalishika hivyo hivyo, nusu kwa nusu, akashuka garini mbele ya ofisi ya kijiji cha Ilungumba. Ukungu ulikuwa haujaondoka kwenye mashamba ya viazi. Watu walikuwa wamevaa makoti, wamejipanga pande mbili za njia, wanampigia makofi.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mgaya, alivua kofia yake ya sufu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene. Habari za safari?" alijibu, akipachika na kamwene, salamu ya milimani.

"Nzuri. Habari za hapa?"

"Salama. Salama kabisa."

"Watu wote hawajambo?"

"Hatujambo sote, tunamshukuru Mungu."

Sekela alitabasamu, maana ndivyo ramani ya afya kwenye kibao chake ilivyosema pia. Akapanda kwenye ngazi ya ofisi, akakohoa kidogo kama wanavyokohoa watu wa ofisini kabla ya hotuba, akawaambia kwamba Mamlaka ya Afya ya Kanda ya Milimani imevipima vijiji vyake vyote, na masika yote yaliyopita hakuna kijiji kilichokuwa na afya kama Ilungumba. Akainua kibao chake juu ili wakione kioo. Ramani ya kijiji ilikuwa pale, kila nyumba nukta, na kila nukta ya kijani.

"Hongereni sana," alisema. "Kombe hili ni lenu."

Makofi yalichelewa. Mzee mmoja nyuma aliangua kicheko, akidhani huo ni utani wa wageni wa mjini, mkewe akampiga kiwiko, akanyamaza. Mwanamke fulani alikohoa kikohozi kirefu cha chini kabisa ya kifua, akajifunika mdomo kwa kitenge, akaona haya. Kisha Mzee Mgaya akaanza kupiga makofi peke yake, kwa nguvu, kama mwenye nyumba anayeficha sufuria iliyoungua, na wengine wakamfuata.

Sekela aliliona hilo. Alikuwa mzaliwa wa milima hii hii, mlima wa pili tu kutoka hapo, na macho yake yalikuwa mazima. Lakini kuona ni jambo moja na kutaka kuona ni jingine, na siku hiyo alikuwa na hotuba yenye sehemu mbili. Ya pili hakutamani kuisema. Mkurugenzi, Daktari Chengula, alikuwa amemwelekeza vizuri: "Wape kombe kwanza. Waache wafurahi, wale, washibe. Mchana nitajitokeza kwenye kioo niwapongeze, halafu wewe utawaambia habari ya kiota."

Kiota kilikuwa juu ya kilima, nyuma ya kanisa. Humo ndimo alimolala Kipanga, ndege wa Mamlaka asiye na rubani, mwenye kitanda tumboni, mitungi ya oksijeni, na mikono miwili ya chuma inayojua kutafuta mshipa wa mtoto kuliko wauguzi wengi waliosomeshwa kwa shida. Kipanga ndiye aliyechukua nafasi ya zahanati. Muuguzi alihamishiwa mjini, na jengo la zahanati sasa lilikuwa na mbegu za viazi mpaka darini. Kwa kuwa masika yote Ilungumba hawakumhitaji hata mara moja, na vijiji vingine vilikuwa vikimgombania, Mamlaka iliamua kiota kihamishwe kipelekwe bondeni. Barabara ya kwenda huko chini ilikuwa imebomoka mwaka wa pili huo; gari lililomleta Sekela lilizunguka nyuma ya milima usiku kucha. Hilo halikuwamo kwenye ramani, kwani ramani ilihusu afya.

*

Chakula cha mgeni kilipikwa kwa Mama Lusungu, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba ya pareto, kwa sababu mkono wake ulisifika. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa kucheka, na alimkaribisha Sekela kwa kuku mzima, viazi vya kukaanga na ugali, akamketisha kwenye kochi chini ya Shangazi.

Kila nyumba ya Kanda ilikuwa na Shangazi wake. Kilikuwa kisanduku cheusi cha ukubwa wa kitabu cha nyimbo, kimetundikwa ukutani, na kila asubuhi kilisalimia watu wa nyumba kwa sauti ya mwanamke mtu mzima na kuwauliza hali zao. Kwa namna walivyojibu, na kwa sauti yenyewe ilivyokuwa, Shangazi alipeleka rangi makao makuu: kijani, manjano au nyekundu. Nyekundu ndiyo iliyomwamsha Kipanga. Sheria ilimkataza Shangazi kusikiliza maongezi ya watu. Masikio yake yalifunguka anaposalimia tu na kufungwa akishajibiwa. Mama Lusungu alikuwa amemfunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua pembeni, kama watu walivyozifunika redio za zamani.

Sekela alikuwa ameshika paja la kuku aliposikia pumzi. Zilitoka nyuma ya pazia la chumba cha ndani, fupi fupi, za haraka, na kila moja ilikwaruza mwishoni.

"Nani yuko huko?"

"Ah, huyo ni Yusta wangu. Hajambo. Kula, mama, kuku anapoa."

Kabla ya kuhamia kitengo cha sauti cha Mamlaka, Sekela alikuwa tabibu, na kuna mambo mwili wa tabibu hausahau. Alinyanyuka na mikono yake yenye mafuta, akasogeza pazia. Mtoto wa kike, wa umri wa kuanza maneno, alikuwa amelala juu ya mto. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila anapovuta hewa, pua zinapanuka, na midomo imeanza kugeuka rangi.

"Ameanza lini hivi?"

"Juzi. Ilikuwa kahoma tu. Leo asubuhi ndiyo kamezidi kidogo."

Sekela alimnyanyua mtoto akamkalisha wima kifuani pake. Alikuwa wa moto. Akatafuta la kusema ambalo halitamtisha mama, akashika lililokuwa karibu.

"Na kaka yake, huyo Lusungu, yuko shule?"

Mama Lusungu alifuta mikono kwenye kitenge, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Lusungu yupo hapo nje," alisema, akaonyesha dirishani kwa kidevu. Pembeni ya pareto palikuwa na tuta fupi la udongo ambao haujashuka bado, limepandwa maua pande zote. "Naye alianza hivi hivi. Ilikuwa katikati ya masika."

Katikati ya masika nyumba hii ilikuwa ya kijani. Sekela alijua bila kuangalia, lakini aliangalia. Kwa mkono mmoja aliwasha kibao, akairudisha ramani nyuma, na ile nukta ya mwisho kabla ya mashamba haikubadilika rangi hata siku moja. Iling'aa tu, kijani kizuri, kama kombe lilivyosema.

"Siku zile," aliuliza, "Shangazi aliwasalimia?"

"Alitusalimia. Hakosi huyo, ni mwaminifu."

"Hata siku ya mazishi?"

"Hata siku hiyo."

"Mkamjibu nini?"

Mama Lusungu alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Tulimjibu salama. Sasa mtu ndiyo kwanza anabisha hodi, utamwambia mabaya yako hata hajakaa? Zamani Shangazi alikuwa anakaa. Anauliza mvua, anauliza ng'ombe, mnazunguka naye mpaka mnafika. Siku hizi ana haraka. Ukisema salama tu, haya, kwaheri, ameshaondoka. Tukasema labda ana nyumba nyingi, tusimchoshe."

"Hamkumwita?"

"Mimi nilimwita mara moja, usiku wa mwisho wa Lusungu. Nikaona kama namfokea mtu mzima aliyekwishanipa mgongo. Nikaacha."

Shangazi hakuwa na haraka. Aliyekuwa na haraka ni Sekela mwenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Shangazi wa kwanza alisalimia kama wanawake wa milimani wanavyosalimia, na sauti yake yenyewe ilichukuliwa kwa mama mzazi wa Sekela, aliyekaa wiki nzima mbele ya vinasa sauti akiwauliza hali watu wasiokuwepo. Lakini minara ya milimani ilikuwa dhaifu. Maneno yote yale ya mvua na ng'ombe yaliijaza, salamu za asubuhi zikawa zinafika makao makuu jioni. Sekela akapewa kazi ya kuzipunguza. Akafanya majaribio mjini, kwenye mtaa wa nyuma ya ofisi, ambako ukimuuliza mtu habari za asubuhi atakwambia papo hapo kwamba mafua yamemnyima usingizi na serikali haimsaidii. Majibu yalikuwa mazuri mno. Akabakiza swali moja. Mamlaka ikaiita Salamu Fupi, Daktari Chengula akamsimamisha mbele ya wageni akamsifu, na vijiji vya juu vikaanza kung'aa kijani kimoja baada ya kingine, wao makao makuu wakisema tazama jinsi huduma inavyofika.

Na hakuwa mgeni wa mambo haya, hilo ndilo lililomuuma. Mama yake mwenyewe alipoanguka akavunjika mguu, alimpigia simu Sekela akamuuliza kwanza habari za kazi, kisha za mvua huko mjini, kisha kama amekula. Mama huyo huyo aliposikia Salamu Fupi alisema, "Umeifanya sauti yangu ya mtu anayekimbia mvua," akakitoa kisanduku ukutani kwake. Sekela alicheka. Aliwasimulia mpaka wenzake ofisini, wakacheka wote.

Hapo palikuwa mahali pa kusema kweli. Mwanamke yuko mbele yake, mtoto yuko kifuani, mwingine yuko nje udongoni. Lakini mdomo wa mtu wa ofisi una njia zake, na wa Sekela ulishika njia hiyo kabla hajauwahi.

"Mama Lusungu," alisema, "Shangazi anapouliza, pale pale ndipo pa kusema. Mngesema mapema, Kipanga angekuja. Mlipaswa kusema."

Uso ukamshuka Mama Lusungu, akapiga goti, kama mtu aliyeelezwa jambo dogo alilopaswa kulijua tangu utotoni.

"Kumbe," alisema. "Basi kosa ni letu. Utusamehe, mama. Hatukujua." Akageukia ukutani, akanyoosha kitambaa cha maua kilichokaa upande. "Na wewe, Shangazi, utusamehe."

Watu husema wametamani ardhi ipasuke iwameze, na wengi husema tu. Sekela aliitamani kweli. Alimwinua yule mama kwa mkono mmoja, wala hakuweza kumtazama usoni.

*

Kuna ufunguo uitwao ufunguo wa mkono. Ulikuwa kwa watu watatu katika Kanda nzima, na Sekela alikuwa mmoja wao. Ukiutumia unaipaka nyumba yoyote nyekundu bila kumuuliza Shangazi, tena nyekundu ya daraja la juu kabisa, ile inayomgeuza Kipanga hata akiwa angani. Ulifichwa kwa sababu nzuri. Zamani Kipanga aliitwa kwa simu, na simu zilizosikika zilikuwa za wakubwa: mjomba wa fulani ana kizunguzungu, mama mkwe wa fulani amekula vibaya. Ndipo ikaamuliwa Kipanga asikilize wagonjwa wenyewe tu, kupitia kwa Shangazi, mkubwa na mdogo sawa.

Sekela alifungua kibao. Kiota cha Ilungumba kilikuwa kitupu. Kipanga alikuwa ameondoka muda si mrefu kwenda Ukwega, nyuma ya safu ya pili ya milima, kwa mtu aliyeangukiwa na mti kwenye mashamba ya mbao. Nyekundu. Nukta yake ilikuwa bado inasogea.

Akaweka kidole juu ya ufunguo.

Mngependa kusikia kwamba wema ulimzuia. Kwanza haukumzuia, alibonyeza. Kibao kikamuuliza: Sababu? Akaandika kwamba mfumo umekosea. Akafuta, kwa sababu angeulizwa nani aliyeutengeneza. Akaandika kwamba wenye nyumba hawakutoa taarifa, akaisoma, akaona tena uso wa yule mama ukishuka, akafuta kwa haraka kama mtu anayefuta tusi ukutani. Ndipo akamfikiria mtu wa Ukwega. Huko nako ni milimani. Mti ulimwangukia saa ngapi, na mkewe alijibu salama mara ngapi kabla ya nukta ile kuwa nyekundu? Kumgeuza Kipanga ni kuwafanya watu wa Ukwega wamlipie Sekela deni lake, na wasijue kamwe kwamba wamelilipa.

Akaufunga ufunguo bila kuandika sababu. Mtoto alikuwa anahema kifuani pake.

Njia ya pili ilikuwepo, ila ilikuwa ndefu. Salamu za zamani hazikuwahi kufutwa. Zililala ndani ya kila kisanduku, zimefungwa tu. Sekela angeweza kuzifungua kwa nyumba hii moja. Shangazi angesikiliza sauti za wenye nyumba pekee, na Kipanga angekuja kwa zamu ya haki. Akazifungua.

"Mama Lusungu, njoo ukae hapa. Shangazi atakusalimia tena. Mjibu unavyojua wewe."

Taa ndogo iliwaka chini ya kitambaa.

"Kamwene, Mama Lusungu," ilisema sauti ya mama yake Sekela.

Uso wa yule mwanamke ulifunguka. "Kamwene, Shangazi! Umerudi?"

"Nimerudi, mwanangu. Za tangu siku zile?"

"Salama, Shangazi."

"Hapa nyumbani hamjambo?"

"Hatujambo."

Sekela aliuma ncha ya kitenge chake. Mtoto alivuta hewa, mbavu zikaingia, zikatoka. Alitamani apige kelele, aseme mtoto, mtoto, sema mtoto! Lakini sauti ya mgeni ingeivunja salamu, ikabidi ianze upya.

"Na mvua?"

"Mvua ilizidi, Shangazi. Viazi vya bondeni vimeoza vyote."

"Poleni. Na ng'ombe?"

"Yupo. Amezaa dume."

"Hongera. Na baba wa nyumba?"

"Yuko Mbeya, anatafuta."

"Mungu amsaidie. Na watoto?"

Mama Lusungu aliangalia mikono yake.

"Watoto ni salama, Shangazi," alisema. "Ila..."

"Ila?" alisema Shangazi, akanyamaza.

Ukimya huo ndio Sekela alioukata kwanza kabisa, kabla hata ya ng'ombe. Mafundi walimwonyesha kwamba ndio ulioijaza minara kuliko maneno: Shangazi ametulia, anasubiri, na hewa tupu inasafiri kutoka mlima hadi mlima. Sasa ulikuwa umekaa nao chumbani, na Mama Lusungu akaanza kusema. Alianza na Lusungu. Alieleza homa yake, kikohozi chake, alivyoomba maji na asiweze kuyameza, yote, kwa mpangilio, kama mtu aliyeyatunza kwa ajili ya mgeni huyu. Sekela alilia bila sauti, maana alijua hilo halikuwa na nafasi popote kwenye rangi tatu. Kisha yule mama akafika kwa Yusta, akamchukua kutoka kifuani kwa Sekela, akamsogeza ukutani. "Msikilize mwenyewe," alisema. Na Shangazi akamsikiliza.

Kibao kilitetemeka. Nyumba ya mwisho kabla ya pareto ilikuwa nyekundu. Chini yake pakaandikwa: Kipanga atamaliza Ukwega, kisha Ilungumba.

Walisubiri. Sekela tabibu hakuwa na kitu zaidi ya mikono. Dawa alizozihitaji ziliwahi kukaa katika jengo lile lililojaa viazi. Alimshika mtoto wima, akamfungulia nguo, akamtilia maji mdomoni tone kwa tone, na mama yake akamwimbia. Ukungu ulipoondoka ndipo sauti ya Kipanga ilipopita juu ya kanisa, akatua uwanjani huku kuku wakikimbia kila upande. Mikono ya chuma ilimpokea Yusta, ikamvalisha kinyago kidogo, ikapata mshipa mara ya kwanza. Baada ya muda mbavu zikapunguza kuzama. Taa ya tumboni ikatoka nyekundu ikaja manjano, na Kipanga akasema kwa sauti yake kavu kwamba mgonjwa anaweza kusafiri.

Mama Lusungu alipanda, akakaa kando ya kitanda. Mlango ukiwa unafungwa alimwinamia Sekela.

"Kuku hukummaliza," alisema kwa masikitiko. "Utanisamehe, leo sikukukirimu vizuri."

*

Mchana watu wakarudi ofisi ya kijiji, maana ratiba ilisema hivyo. Kombe lilikuwa mezani. Kioo kikubwa kilitundikwa ukutani, na Daktari Chengula akatokea humo, amevaa suti, nyuma yake ramani ya Kanda.

"Sekela! Habari za huko?"

"Mbaya, Mkurugenzi."

Chumba kizima kilishtuka. Mwanamke mmoja alishika mdomo. Hakuna aliyewahi kusikia mtu mzima, tena mgeni, tena mwenye elimu, akijibu hivyo salamu ya mkubwa wake.

"Vizuri, vizuri," alisema Daktari Chengula, akipanga karatasi zake. "Kombe wamelipenda?"

"Nimesema mbaya. Watu wanaumwa hapa. Masika yaliyopita walizika mtoto, na ramani yetu ikasema kijani. Salamu iliwanyima Kipanga, na salamu niliikata mimi. Kisha leo nikamwambia mama wa marehemu kwamba kosa ni lake, akapiga goti akaniomba msamaha."

Sasa alisikia. Karatasi zilitulia. Lakini kabla hajafungua mdomo, Mzee Mgaya alikwishasimama, kofia mkononi, jasho linamtoka kwa ajili ya mgeni wake aliyekuwa anajidhalilisha mbele za watu. Akajiweka kati ya Sekela na kioo.

"Mheshimiwa, usimkasirikie," alisema. "Amechoka na safari tu, na hewa yetu ya baridi hajaizoea. Huku ni salama, mheshimiwa. Salama kabisa."

Na watu wote nyuma yake, wale wa vikohozi na wale wa makaburi, wakaitikia kwa pamoja ili kumwokoa: "Salama!"

Daktari Chengula alimtazama Sekela kwa huruma ya mkubwa. "Unaona? Nishike lipi? Mwenyekiti mwenyewe anasema salama, kijiji kinasema salama, ramani inasema salama. Pumzika, dada yangu. Waambie habari ya kiota, tumalize. Nina vijiji vingine."

"Kiota?" aliuliza Mzee Mgaya. "Kiota kimefanyaje?"

Sekela aliona jinsi neno salama lilivyokuwa linakwenda kuwaua, nao wamelitoa kwa ajili yake. Aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani, na safari hii hakuitafutia aibu hiyo mtu mwingine wa kuibeba. Alilishusha kombe kutoka mezani akaliweka sakafuni. Akavuta benchi, akakaa mbele ya Mzee Mgaya, magoti kwa magoti.

"Mzee," alisema, "kamwene."

Mzee alishangaa, lakini salamu ni salamu. Akakaa. "Kamwene, mwanangu."

"Sekela," alisema Daktari Chengula.

"Kaa, Mkurugenzi. Na wewe kaa." Hakugeuka. "Habari za tangu asubuhi, mzee?"

"Salama."

"Na mvua?"

"Ilizidi mwaka huu. Tunashukuru hivyo hivyo."

"Na barabara?"

"Ah, hiyo iliondoka na mvua."

"Poleni. Na viazi?"

"Vimebaki vya mbegu. Tumevihifadhi zahanati."

Kwenye kioo Daktari Chengula alikuwa ameinua mkono ili azime. Mkono ulibaki hewani.

"Na mama yetu, hapo nyumbani?"

Mzee Mgaya aliigeuza kofia yake ya sufu, akaigeuza tena. Nyuma, yule mwanamke wa kikohozi aliacha kukizuia, akakohoa mpaka kikaisha.

"Mama yenu ni salama," alisema mzee. "Ila..."

Sekela akanyamaza, akamsubiri.